NYUMBA ZA CHAMA ZA KUPANGISHA WAKATI WA MARADHI

Vyama vya ushirika vyenye majengo, yawe maduka, ghala au safu ya vyumba, huyapangisha ili kuongeza mapato. Katika miaka ya kawaida kazi hiyo si nzito. Kodi hukusanywa, stakabadhi hutolewa, na bati lililotoboka hubadilishwa. Ni pale maradhi yanapoingia nchini ndipo Bodi hujikuta haina kanuni ya kufuata, na uamuzi wote huachiwa mtu mmoja mwenye kushika funguo. Hapo ndipo makosa huanza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Njombe na Makambako. Makambako ni mji wa njia panda: barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma hupita hapo, reli ya TAZARA ina stesheni hapo, na barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo. Madereva, wafanyabiashara wa mbao na viazi, na vibarua wa mashamba ya chai huhitaji mahali pa kulala. Biashara ya vyumba hustawi kwa sababu watu hupita, lakini maradhi nayo hupita kwa njia ileile.

Takwimu zathibitisha hayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha kuwa asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2022-23, uliohusu watu wa miaka 15 na kuendelea, uliiweka Njombe kwenye asilimia 12.7 na nchi nzima kwenye asilimia 4.4. Basi chama chenye vyumba kumi vya kupangisha mkoani humu kisijidanganye kuwa maradhi ni habari ya nyumba za wengine.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni na shule zilizosalia tarehe 29 Juni. Mwezi Mei Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, na magari ya mizigo yakasimama Tunduma. Si vigumu kuona athari ya mambo hayo kwa mji unaoishi kwa wasafiri. Mpangaji aliyetegemea kuuza chakula kando ya barabara hupungukiwa siku ileile magari yanapopungua, lakini tarehe ya kodi haibadiliki.

KODI ISIYOLIPIKA

Tuchukue mfano. Chumba hupangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na mpangaji ameshindwa kulipa kwa miezi mitatu. Deni ni shilingi 90,000. Akifukuzwa, deni hilo huondoka naye. Na kwa kuwa wakati wa maradhi wapangaji wapya ni wachache, chumba chaweza kukaa tupu miezi minne zaidi. Hasara ya chama inafika shilingi 210,000. Lakini kama chama kingekubali alipe nusu ya kodi kwa miezi hiyo mitatu, kingepokea shilingi 45,000 papo hapo. Nusu iliyobaki, akiilipa kwa shilingi 7,500 kila mwezi juu ya kodi yake ya kawaida, ingekwisha katika miezi sita. Chama kisingepoteza hata senti.

Mapatano ya namna hiyo sharti yapitishwe na Bodi, yaandikwe katika muhtasari, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na deni lionyeshwe katika daftari la wadaiwa. Mkaguzi wa hesabu akikuta pengo katika daftari la kodi atauliza fedha iko wapi, wala hatatosheka na jibu la mdomo. Kodi iliyoahirishwa bila muhtasari haina tofauti na kodi iliyoliwa.

Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele nayo yafaa kuangaliwa. Mwanafunzi aliyelipa mbele kisha chuo kikafungwa, au mpangaji aliyerudishwa kwao akiwa mgonjwa, atauliza juu ya miezi ambayo hakulala chumbani. Mkataba useme mapema kama fedha hiyo itarudishwa, itahamishiwa miezi ya mbele, au itapotea. Mkataba usiposema, ugomvi utasema.

USAFI NA HEWA

Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika mikoa mingi. Vyumba kumi vinavyotumia choo kimoja bila maji ya kunawia ni hatari ambayo mpangaji mmoja hawezi kuiondoa. Choo, maji na shimo la taka ni kazi ya mwenye nyumba, na gharama yake iwekwe katika makisio ya kila mwaka.

Kifua kikuu na mafua makali huenea kwa hewa. Katika baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Hewa ya jiko hilo yaweza kuua, na chumba kisichopitisha hewa hulea maradhi. Dirisha linalofunguka na tundu la hewa juu ya ukuta ni dawa ya bei nafuu.

SIRI YA MPANGAJI

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na inalinda siri ya afya ya mtu. Virusi hivyo haviambukizwi kwa kutumia choo, kikombe au ukuta mmoja. Kwa hiyo mkusanya kodi hana haki ya kumwuliza mpangaji kama amepima, wala ya kueleza wengine aliyoyaona dirishani. Zaidi ya hayo, mpangaji anayeogopa kufukuzwa huficha dawa, huacha kliniki, na ugonjwa wowote alio nao hauponi wala haudhibitiwi. Fununu za mwenye nyumba zaweza kuvunja kazi ya hospitali nzima.

Mpangaji akifariki, chumba kisifunguliwe na mtu mmoja. Vyombo viorodheshwe mbele ya jamaa zake, mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa Bodi, kisha vitunzwe hadi msimamizi wa mirathi apatikane. Mjane na watoto wapewe muda ulioandikwa, wasitolewe nje siku ya matanga.

Mambo haya yote hayafai kusubiri maradhi yafike mlangoni. Bodi iandae kanuni za upangishaji sasa, izifikishe katika Mkutano Mkuu, na nakala ibandikwe mahali ambapo wanachama na wapangaji wataisoma. Ushirika ulianzishwa na watu waliojua kwamba shida ya mmoja hufika kwa wote. Na nyumba ya ushirika isisimamiwe kinyume cha hayo.