Kutazama ni Nusu ya Somo: Filamu, Televisheni na Kiingereza cha Mwanafunzi wa Nyamagana

Mwanafunzi wa Nyamagana, wilaya inayobeba kitovu cha Jiji la Mwanza, kwa kawaida huingia kidato cha kwanza akiwa na Kisukuma au lugha nyingine ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani na cha shule ya msingi, pamoja na Kiingereza alichokisoma kama somo miongoni mwa masomo mengine. Isipokuwa kwa yule aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, lugha hiyo ya tatu hugeuka ghafla kuwa ndiyo lugha ya biolojia, jiografia na hisabati. Mpangilio huu una chanzo chake mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kubaini kwamba wengi wao hawakuwa na uwezo wa kufuata masomo yao kwa lugha hiyo.

Jibu lililotolewa wakati huo, kwa msaada wa Uingereza, lilikuwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi, ambavyo vilisambazwa shuleni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ili mwanafunzi asome kwa wingi nje ya kitabu cha kiada. Wazo lililokuwa chini ya mradi huo lilikuwa sahihi, nalo ni kwamba lugha haipatikani kwa kanuni za sarufi peke yake, bali kwa kuipokea mara nyingi katika mazingira yanayoeleweka. Mtaalamu wa Marekani Stephen Krashen alilieleza wazo hilo katika miaka hiyohiyo ya 1980 kwa kusema kwamba mtu hujifunza anapopokea lugha iliyo juu kidogo tu ya kiwango chake, na maana yake ikimfikia. Kilichobadilika tangu wakati huo ni chombo, kwa maana vitabu vya hadithi bado ni vichache katika shule nyingi, ilhali picha zenye sauti zimefika hadi kwenye simu ya mkononi ya kondakta wa daladala ya Buhongwa.

Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 1994 kwa vituo binafsi. Mwanza ina fahari yake katika historia hiyo, kwa sababu Star TV, kituo kinachotazamwa nchi nzima, kiliasisiwa na kuendeshwa kutoka mwambao huu wa ziwa. Hata hivyo, Kiingereza katika vituo vya nyumbani kimekuwa kikipungua. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na baada ya Azam TV kuanza mwaka 2013, tamthilia za Kituruki zilizopewa sauti za Kiswahili zimekuwa chakula cha jioni cha familia nyingi. Kwa Kiswahili hilo ni jambo jema lisilo na shaka, kwani limewapa kazi waigizaji wa sauti na kuikuza lugha. Lakini anayetaka kujifunza Kiingereza hawezi tena kutegemea kwamba kitamfikia chenyewe sebuleni. Inambidi akitafute kwa makusudi.

Wapo wanaodhani atakipata katika banda la video, lile ambalo vijana huliita kibanda umiza, ambako filamu za Marekani, India na Hong Kong huonyeshwa kwa kiingilio kidogo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya filamu zinazopendwa huko zimepitia mikononi mwa wasimulizi, maarufu kama madijei, ambao hupunguza sauti ya waigizaji na kusimulia kisa chote kwa Kiswahili, wakichanganya tafsiri, maelezo na vichekesho vyao wenyewe. Aliyevuma zaidi nchini ni Lufufu, na Kenya wanaye DJ Afro, huku Uganda ikiwa na VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Sanaa hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Lakini Kiingereza kilichofunikwa na sauti ya msimulizi hakimfikii mtazamaji, naye hutoka bandani akikijua kisa vizuri bila neno moja jipya la Kiingereza.

Kinachotakiwa basi ni filamu yenye sauti yake ya asili, na jambo la kwanza ambalo sauti hiyo hufundisha ni kusikia. Kiswahili kina irabu tano zinazotamkwa waziwazi mahali popote zinapokaa, ilhali Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, na nyingi kati yake hufifia pale neno lisipotiwa mkazo. Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika "ship" na "sheep" bila kukosea huweza asiyatofautishe yakisemwa, na anayejua kila neno katika "What do you want to do?" hubaki ameduwaa anaposikia sentensi nzima imebanwa kuwa kama neno moja. Ubao hauwezi kumfundisha hilo, na mwalimu ambaye naye alijifunzia Kiingereza ubaoni hana namna ya kumsaidia sana. Kipande cha filamu kinachorudiwa mara tatu au nne kinaweza.

Hapa maandishi yanayopita chini ya picha yana kazi muhimu, ila lugha yake ndiyo inayoamua kama yatasaidia au yatadhuru. Mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen, waliokuwa wakifanya utafiti Nijmegen nchini Uholanzi, waliwaonyesha Waholanzi vipande vya filamu na televisheni vyenye lafudhi ngumu za Australia na Uskoti, kisha wakapima jinsi walivyoweza kuelewa sentensi nyingine za lafudhi hizo. Waliotazama wakiwa na maandishi ya Kiingereza walisikia vizuri zaidi kuliko wengine, kwa sababu jicho lililisaidia sikio kugawa sauti katika maneno. Waliotazama wakiwa na maandishi ya Kiholanzi walielewa kisa, lakini sikio lao halikunufaika na sentensi mpya. Kwa mwanafunzi wa Nyamagana mafunzo yake ni wazi: kama lengo ni hadithi, maandishi ya Kiswahili yanatosha, na kama lengo ni lugha, achague maandishi ya Kiingereza kwa sauti ya Kiingereza, hata kama mwanzoni yatampita mbio.

Kuhusu msamiati, watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walihesabu maneno ya vipindi vya televisheni na filamu za Kiingereza, wakakuta kwamba anayejua takriban familia 3,000 za maneno yanayotumika sana, pamoja na majina ya watu na mahali, huweza kutambua asilimia 95 ya maneno anayoyasikia. Familia ya maneno ni neno la msingi pamoja na yale yanayozaliwa nalo, kama "act", "action", "active" na "actor", ambayo huhesabiwa kuwa familia moja. Asilimia 95 ni kubwa, lakini maana yake bado ni kwamba katika kila maneno 20 limo moja asilolijua. Wanafunzi wengi wako mbali na familia hizo 3,000, hivyo filamu nzima ya saa mbili huwachosha bila kuwafunza. Watafiti haohao walionyesha njia ya kupunguza mzigo huo: vipindi vya tamthilia moja, zile ambazo vijana huziita sizoni, hurudia maneno yaleyale kwa sababu wahusika, kazi zao na ugomvi wao ni walewale, na kwa hiyo anayefuata tamthilia moja ya hospitali kuanzia mwanzo hadi mwisho hufaidika kuliko anayerukaruka kutoka filamu moja ya mapigano hadi nyingine. Kwa watoto wadogo ushahidi umepatikana hapahapa nchini. Katuni za Akili and Me, zinazotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, zilipojaribiwa kwa watoto wa Morogoro, waliozitazama waliongeza ujuzi wa kuhesabu na wa Kiingereza kuwashinda wenzao waliotazama vipindi vingine.

Uchaguzi wa filamu nao una uzito wake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Kiingereza kizuri ni cha Hollywood tu. Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair iliyotoka mwaka 2016, inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyekuwa akiuza mahindi kabla ya kuwa bingwa wa sataranji. Lupita Nyong'o, David Oyelowo na watoto wa Uganda wanazungumza humo Kiingereza chenye mdundo wa Afrika Mashariki, kinachosikika taratibu na kueleweka upesi na sikio la Mwanza. Kipo kipande kimoja kinachofaa kusitishwa na kuchunguzwa. Phiona anaingia katika banda la mafunzo, watoto wanamcheka kwa harufu yake, anawarukia kwa ngumi, na baadaye msichana mdogo kuliko yeye, Gloria, anaketi kumwonyesha kete na kumweleza kwamba katika mchezo huu mdogo anaweza kuwa mkubwa. Mwalimu akikizima sauti mara ya kwanza na kuwataka wanafunzi wakisie kinachosemwa, akakirudia kwa sauti, kisha akakirudia kwa sauti na maandishi, dakika chache hizo humpa mwanafunzi vitenzi vya kukaribisha, kukataa, kudhihaki na kueleza kanuni, tena vikiwa ndani ya vinywa vya watu wenye hasira au huruma. Neno lililosikika likiwa na sababu hukaa.

Hata hivyo, kutambua neno linaposikika ni jambo moja na kulitoa mdomoni wakati mwenzako anakusubiri ni jambo jingine, na hapo ndipo filamu bila majadiliano hukwama. Shule za Tanzania zina desturi ya miaka mingi ya dibeti, ambamo mzungumzaji husimama, akamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wajumbe wa pande zote kwa maneno ya kukariri, akasoma hoja zake na kukaa. Desturi hiyo imewatoa wengi woga, na isidharauliwe. Udhaifu wake ni kwamba mada huwa zilezile, hoja huandikwa mapema, na mara chache mtu hujibu kile alichosema mwenzake muda huohuo. Filamu iliyotazamwa na wote kwa pamoja hubadili hali hiyo, kwa sababu wote wana ushahidi mmoja mbele yao na wanaweza kurudi kuutazama pale wanapobishana.

Mwanza ina filamu ambayo mji mwingine wowote wa Afrika Mashariki ungeionea wivu kwa kazi hiyo. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilipigwa hapa ziwani, na wanaohojiwa humo huzungumza Kiingereza, Kirusi na Kiswahili. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, akala furu na samaki wengine wa asili, kisha akawa bidhaa kubwa ya viwanda vya minofu. Katika filamu hiyo ndege za mizigo za Ilyushin zinatua Mwanza na kuondoka zikiwa zimebeba minofu kwenda Ulaya, huku wakazi maskini wakibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayosalia baada ya minofu kukatwa. Filamu inaashiria kwamba ndege hizo huja na silaha. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar na kushinda tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi, na watu waliandamana Mwanza kuipinga. Nako Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliupinga ukweli wake, na ugomvi wake na Sauper ulifika mahakamani.

Darasa la kidato cha tatu au cha tano lina nini la kufanya na mzozo huo? Lina mengi. Linaweza kutenganisha kile ambacho kamera imekiona, kwa mfano mapanki yanayoanikwa juani, na kile ambacho mhojiwa amekisema, na tena na kile ambacho mtengenezaji hakukisema bali amemfanya mtazamaji akihitimishe kwa kupanga picha mbili zifuatane. Kila hatua ina Kiingereza chake: "The film shows", "The man claims", "The film suggests". Mwanafunzi aliyezoea kutofautisha vitenzi hivyo vitatu amepata zaidi ya msamiati, kwa sababu anaweza kumsikiliza mwanasiasa, mhubiri au mwandishi wa habari akiwa na kipimo mkononi. Na kwa kuwa huenda mjomba wake alivua sangara au jirani yake aliuza mapanki, ana jambo la kusema ambalo mtengenezaji wa filamu hakulijua, na mtu mwenye jambo la kusema huitafuta lugha kwa bidii. Kwa filamu ya Zimbabwe ya Neria, ambamo shemeji anampokonya mjane mali ya marehemu mume wake, mjadala kama huo ungewaka katika mtaa wowote wa Mabatini au Igoma.

Ufundi wa madijei nao una nafasi darasani ukigeuzwa. Wanafunzi wawili wakipewa filamu ya Kitanzania ya Kiswahili, sauti ikazimwa, wakatakiwa kuisimulia kwa Kiingereza mbele ya wenzao kama Lufufu alivyosimulia kwa Kiswahili, watalazimika kutunga sentensi kwa kasi ya picha bila nafasi ya kukariri. Kompyuta moja, spika na projekta ya kuazima vinatosha, na hata simu moja kwa watu watano inafaa. Mwalimu atakumbuka tu kuangalia daraja la umri ambalo Bodi ya Filamu imeipa kazi husika, na kuitazama mwenyewe kwanza, kwa kuwa hata filamu bora huweza kuwa na kipande kisichofaa watoto.

Nyamagana ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, kilichoanza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi na ambacho kwa miongo mingi kimewafunza waandishi wa habari na watangazaji wa nchi hii. Ina pia shule za sekondari nyingi zilizo umbali mfupi wa daladala kutoka hapo. Wanafunzi wa chuo hicho wanaosomea utangazaji na ualimu wakipanga Jumamosi moja kwa mwezi kwenda katika shule iliyo jirani na filamu moja iliyochaguliwa vyema na maswali yaliyoandaliwa, hawatahitaji sera mpya wala bajeti ya Serikali. Wakuu wa shule wa wilaya hii wawaalike.