Bangili za Mama na Kiwanja cha Isiolo

 

Wiki chache zilizopita tulijiwa na mzee mmoja na mkewe, majirani zetu wa miaka mingi hapa Mombasa. Mzee ni mzaliwa wa Isiolo. Alishuka pwani akiwa kijana kutafuta riziki, akaoa, akazaa, akazeeka. Nyumba yao ni ya namna tuijuayo sote Majengo: kuta ni zao, ardhi ni ya mwingine. Sasa mwenye ardhi amewapa notisi, na mzee ameazimia kurudi kwao. Walikuja tuwaombee dua ya safari.

Tukawauliza kiwanja cha huko kimeandikwa jina la nani. Mzee akajibu, "La kijana wetu mkubwa, ndiye aliyeshughulikia." Na fedha zilitoka wapi? Hapo mama akainamisha kichwa. Zilitoka katika bangili zake za dhahabu, sehemu ya mahari yake. Hapakuwa na karatasi hata moja inayomtaja.

Ndugu zetu, kuhama uzeeni si aibu. Nabii Yaakub (A.S.) alihamia Misri akiwa mzee, na Qur'ani inatueleza jinsi Nabii Yusuf alivyowapokea wazazi wake na kuwapandisha kitini pake. Aliwapa cheo, hakuwaweka kama wageni wa kuvumiliwa.

Lakini tuitazame hali ya mama huyu. Mumewe akitangulia, atatakiwa akae eda miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoishi naye. Je, atakaa kwa haki au kwa hisani? Ama thumuni yake ya urithi, ataipata katika nini, ikiwa marehemu hakumiliki kitu? Na kijana akifariki kabla yao, naye ana watoto, mama atarithi sudusi tu ya kile kilichonunuliwa kwa dhahabu yake mwenyewe.

Mahari ni mali ya mke peke yake. Akiitoa, iandikwe mbele ya mashahidi: ni mkopo, ni hisa yake katika nyumba, au ni zawadi? Na mume atakaye kumlinda mkewe asitegemee wasia, kwani mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Ampe hiba angali hai na mwenye afya, naye akabidhiwe kweli.

Tena kiwanja chenyewe kichunguzwe. Isiolo wengi wana barua ya mgao tu, wala hawajapata hati ya kumiliki, na imewahi kutokea kiwanja kimoja kudaiwa na watu wawili, kila mmoja na barua yake. Nendeni ofisi ya ardhi, kisha waulizeni wazee wa mtaa na majirani wa pande zote nne.

Baada ya hayo tulimuuliza mama swali ambalo hakuna aliyemuuliza: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Akasema haogopi joto wala vumbi. Anaogopa kufa mahali ambapo wanawake watakaomuosha hawamjui jina.

Neno hilo lilitunyamazisha. Waarabu husema, jirani kwanza kisha nyumba. Isiolo ina Waislamu wengi, Waborana na Wasomali miongoni mwao, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, kwa hiyo hatakuwa bubu huko. Hata hivyo tuliwashauri wapange chumba kwanza, wakae mwezi mmoja wakati wa kiangazi, wajue maji yanapatikana vipi, hospitali iko umbali gani, na wanawake husomea darsa wapi. Wasiuze hata kitanda kabla ya hapo.

Kijana tulimpigia simu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hakujua kamwe kwamba bangili za mamake ndizo zilizonunua kiwanja. Amekubali jina libadilishwe. Safari imesogezwa mpaka karatasi zitoke, na dua tumeiahirisha hadi siku hiyo.

Basi nanyi mnaopanga kuwahamisha wazazi, kabla ya kutafuta lori, kaeni na mama mumuulize. Wabillahi tawfiq.