Je, Gazeti Lingali Lasomwa, na Je, Lingali Laaminiwa?



Katika maswali yatufikiayo ofisini, liko moja ambalo hurudi mara kwa mara: ya nini kununua gazeti, hali habari zote zimo ndani ya simu? Na wengine huongeza: tena magazeti yenyewe husema uongo. Maswali haya ni ya haki, wala hayafai kujibiwa kwa mkato. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya ukarani nalisomea ualimu. Basi nitajaribu kulieleza jambo hili kama lilivyo, hasa upande umhusuo mtu mwenye shamba katika skimu.

Kwanza, habari ya kusomwa. Ukishuka asubuhi kutoka matatu ya Kangemi au Kawangware na kuingia katikati ya Nairobi, utawaona wauza magazeti wangali pale pale, Moi Avenue, Kimathi Street na Kenyatta Avenue. Wameyapanga chini kando ya njia, na watu wamesimama wameinama wakisoma vichwa vya habari bila kutoa hata senti. Wako wauzaji ambao hukodisha gazeti: unalipa kidogo, unasoma papo hapo, kisha unalirudisha likiwa limekunjwa vizuri ili mwingine naye alipie. Lakini ndani ya matatu yenyewe mambo yamegeuka. Zamani abiria walifunua kurasa mpaka jirani akalalamika kwamba amefunikwa uso. Siku hizi kila mtu ameinamia simu yake.

Hapana shaka wanunuzi wamepungua. Kampuni za magazeti zimewaachisha kazi watu wengi kwa sababu hiyo. Lakini kupungua kwa wanunuzi si sawa na kwisha kwa wasomaji. Wengi wa hao walioinamia simu wanasoma habari zilizoandikwa na waandishi wale wale. Na gazeti moja lililonunuliwa hupita mikononi mwa watu wengi: kwa kinyozi, kwa hoteli ya chai, kwa mlinzi wa lango usiku, na mwisho kwa mwuza nyama, ambaye hulifungia kilo moja ya mbavu. Mimi mwenyewe nimepata kusoma habari ya mahindi juu ya karatasi yenye damu ya ng'ombe.

Sasa, habari ya kuaminiwa. Mwaka 2024 Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, iliwauliza watu wa nchi 47 kama wanaamini habari wazipatazo. Katika Kenya, watu 64 kwa kila 100 walisema kwamba huziamini habari nyingi mara nyingi. Wastani wa nchi zote ulikuwa 40 tu, na Finland, iliyokuwa ya kwanza, ilipata 69. Basi mtu angeweza kusema kwamba Wakenya ni watu wa kuamini sana. Lakini yafaa kuuliza ni nani waliohojiwa. Walikuwa watu wa intaneti, wajuao Kiingereza, wenye umri wa miaka 18 hadi 50. Mzee wa Kinangop au wa Lugari asiye na simu ya namna hiyo hakuulizwa neno. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya watu fulani, na kila hesabu ichapishwayo gazetini yataka kuulizwa hivyo hivyo.

Mashaka ya wazee wetu juu ya magazeti yana asili yake. Gazeti la Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Bwana A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara, likauzwa kwa Wazungu mwaka 1905, likahamia Nairobi mwaka 1910, na kwa miaka mingi likawa sauti ya walowezi. Mwafrika aliyetaka kusoma mambo yake alihitaji gazeti lake, na ndiyo maana mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha Muigwithania, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Taifa Leo lilianza kutoka kila siku mwaka 1960, na Daily Nation likafuata mwaka huo huo, tarehe 3 Oktoba. Na hata baada ya Uhuru mambo hayakuwa laini siku zote: usiku wa tarehe 2 Machi 2006 askari waliingia katika ofisi na kiwanda cha uchapaji cha Standard, na nakala za gazeti zikachomwa moto. Basi mzee akiuliza, "Hilo ni gazeti la nani?" asichekwe. Anauliza lile ambalo mwalimu angependa wanafunzi wake waulize. Karatasi hii mnayoisoma ni ya Serikali. Nayo pia muipime kwa kipimo hicho hicho.

Lakini ndani ya gazeti ziko kurasa ambazo hazingoji wewe uziamini au usiziamini. Hizi ni kurasa za matangazo ya sheria, zile zenye herufi ndogo ndogo, ambazo wasomaji wengi huziruka ili wafike kwenye mpira. Mwenye shamba akiacha kuzisoma, anaweza kupata hasara kubwa kuliko ya mvua ya mawe.

Tuchukue hati ya shamba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 33, yasema kwamba mtu akipoteza hati, aweza kumwomba Msajili ampe nyingine. Sharti aape kwamba imepotea, na tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na pia katika magazeti mawili yasomwayo nchini kote. Siku 60 zikipita, Msajili aweza kutoa hati mpya. Sheria hii ni nzuri, maana hati huungua na huliwa na mchwa kweli. Lakini fikiri: itakuwaje ikiwa mwenye kuapa ni ndugu mkorofi, au mtu asiyejulikana aliyejifanya kuwa wewe, nawe hati yako imo salama ndani ya sanduku chini ya kitanda? Kengele utakayopigiwa ni lile tangazo. Sheria imeweka siku 60 ili mwenye shamba apate kusikia na kusema, "Hapana, hati haikupotea, ninayo mimi." Kama katika kijiji kizima hakuna mtu asomaye kurasa hizo, kengele imelia bure.

Vivyo hivyo kwa mirathi. Mzee akifa, na mmoja wa watoto akaenda mahakamani peke yake kuomba kusimamia mali, ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi, na wenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Wajane wengi hupata habari baadaye sana, pale mtu mgeni anapokuja na vigingi kupima shamba.

Na kwa wale waliochukua mkopo kwa rehani ya shamba, kanuni za madalali za mwaka 1997 zasema kwamba dalali lazima ampe mwenye mali notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 45 ili apate kulipa na kulikomboa. Muda huo ukiisha bila malipo, mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Siku hizo 14 si nyingi. Lakini zatosha kwenda kwa mkopeshaji, au kwa wakili, ikiwa umezijua tangu siku ya kwanza na si ya kumi na tatu.

Liko jambo moja hapa ambalo sioni kwamba ni sawa. Matangazo haya karibu yote hutolewa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakama, ambacho hata aliyemaliza sekondari hukisoma mara mbili. Kumwambia mkulima kwamba ametangaziwa, kwa lugha asiyoielewa, katika karatasi asiyoinunua, ni kama kumwita mtu kwa jina lisilo lake. Mpaka hilo libadilike, njia iliyopo ni hii: usitafute maneno, tafuta namba. Mashamba mengi ya skimu yaliyosajiliwa huandikwa kwa jina la wilaya, kisha jina la skimu au sehemu, kisha namba. Mtoto wa darasa la sita aweza kupitisha kidole chini ya ukurasa akitafuta jina la skimu yenu. Akiliona, atazame namba. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Wala si lazima kila nyumba inunue. Katika skimu kadhaa majirani hushirikiana: watu watano au sita huchanga, hununua magazeti siku walizopatana, na mmoja wao huwa ndiye msomaji. Gazeti Rasmi lenyewe hutoka Ijumaa, na lasomeka bure kwa intaneti katika ukurasa wa Kenya Law. Hapo simu ya kijana wako, ambayo umekuwa ukiilaumu, yafaa kuliko gazeti.

Nimeisifu simu, basi na niiseme pia. Habari nyingi zipitazo katika WhatsApp hazina mwenyewe. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 zilienea video zilizofanana na za BBC na CNN, kumbe ni za kughushi. Pia zimepata kusambazwa kurasa za kwanza za magazeti ya Nairobi zenye jina, rangi na tarehe, nayo magazeti yenyewe yakalazimika kutangaza kwamba kurasa hizo si zao. Jambo hilo linanipa jibu fulani kwa swali letu. Mwenye kughushi hachukui jina lisiloaminiwa na mtu. Huchukua lile ambalo watu bado wanaliheshimu. Ukiletewa ukurasa wa namna hiyo, wenye habari ya kukutoa pumzi, kwamba skimu fulani imefutwa au madeni yote ya mashamba yamesamehewa, mwombe mtu aliye mjini atazame gazeti lenyewe la siku hiyo pale barabarani. Lisipokuwamo, usiuze wala usilipe kitu kwa ajili ya habari hiyo.

Na isidhaniwe kwamba habari mbaya ni ya uongo kwa kuwa ni mbaya. Mwezi Machi 2024 waandishi wa Africa Uncensored walitoa uchunguzi juu ya mbolea isiyofaa iliyokuwa ikiuzwa kwa wakulima pamoja na mbolea ya ruzuku. Mwanzoni yalikuwako makanusho. Baadaye mbolea ile ilipimwa, ikaonekana haifikii kiwango, na uuzaji wake ukasimamishwa. Msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha kuanza. Mkulima aliyeisikia habari hiyo mapema na kuuliza ofisi ya kilimo kabla ya kupanda alikuwa na nafasi; aliyesema, "Hayo ni maneno ya magazeti tu," alikwisha kuifukia ardhini.

Bei za mazao nazo ni jambo la kusoma kwa uangalifu. Hapa mara nyingi gazeti halisemi uongo, ila sisi twalisoma vibaya. Bei iliyoandikwa kwamba ni ya Nairobi ni ya soko la Wakulima, lile wengi huliita Marikiti, au ya soko kama Kangemi, baada ya gari, vibarua na ushuru wa soko kulipwa. Haiwezi kuwa bei ya langoni kwako. Tena tazama kipimo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka mfuko usiozidi kilo 50, na bei nzuri gazetini huandikwa kwa mfuko huo. Ukimwuzia mchuuzi mfuko ulioongezwa shingo kwa kamba, kisha ukasema gazeti limekudanganya, kosa haliko kwa mwandishi.

Na gazeti likikosea kweli? Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 35, yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha imhusuyo. Uanze kwa kumwandikia mhariri barua fupi, ukitaja tarehe, ukurasa na kosa lenyewe. Asipojibu, iko Tume ya Malalamiko iliyowekwa kwa Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, ambayo husikiliza malalamiko ya raia. Habari itembeayo kwa simu bila jina haina mhariri wa kuandikiwa.

Wale watakaokuta tangazo ambalo hawalielewi wamelialikwa kulileta ofisini kwetu, nasi tutalisoma pamoja kwa Kiswahili. Njoo na ukurasa mzima wenye tarehe, si kipande kilichokatwa. Na njoo na namba ya shamba lako imeandikwa kwenye karatasi, kama ilivyo katika hati au katika barua ya kugawiwa shamba, maana jina peke yake halitoshi. Katika skimu moja waweza kuwa na watu watatu wenye jina kama lako.