Programu Wakilishi: Kwa Nini Neno "Ndogo" Halitoshi

Mfasiri wa maandishi yahusuyo kompyuta kuu, yaani mashine zinazounganisha maelfu ya vichakataji ili vifanye kazi moja, hukuta zimetajwa programu fupi za kisayansi ambazo jibu lake halihitajiwi na mwanasayansi yeyote. Kazi yake ni kuipima mashine. Ni rahisi kuziita "programu ndogo" na kuendelea na ukurasa unaofuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jina hilo linaacha kiini cha maana.

Tuanze na jambo linaloeleweka. Huko Ndungu, wilayani Same, chini ya milima ya Upare, upo mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Maji ya mto Yongoma hupitishwa katika mifereji mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Mkulima wa mahali kama hapo akitaka kujaribu mbegu mpya, hana haja ya kuipanda katika shamba lote. Jaruba moja latosha. Lakini akilichagua jaruba lililo karibu na banio, ambako maji hayapungui, jaribio lake halitamwambia lolote juu ya majaruba ya mwisho wa mfereji. Jaruba la majaribio halifai kwa sababu ya udogo wake, bali kwa sababu limebeba shida ileile ya shamba zima.

Hali ni hiyohiyo katika kompyuta kuu. Mara nyingi kinachochelewesha kazi si hesabu zenyewe, bali safari ya data kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye kichakataji. Kipimo kiitwacho Linpack, ambacho tangu mwaka 1993 ndicho msingi wa orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote, hufanya hesabu nyingi kwa data chache. Kinafanana na jaruba la karibu na banio. Novemba 2020, kompyuta ya Fugaku huko Japani ilifikia hesabu trilioni 442,000 kwa sekunde kwa kipimo hicho. Kwa kipimo cha HPCG, ambacho asili yake ni programu fupi za aina tunayoieleza, mashine hiyohiyo ilifikia trilioni 16,000 tu.

Programu halisi za sayansi huweza kuwa na mamia ya maelfu ya mistari, na nyingine hazitolewi nje kwa sababu za usalama. Hazifai kupelekwa kwa mtengenezaji ambaye mashine yake ingali katika michoro. Kwa hiyo wataalamu wa maabara ya Sandia, Marekani, walianzisha mradi wa Mantevo, wakaandika programu za maelfu machache ya mistari. Mojawapo ni miniFE, nyingine ni miniMD inayoiga mwendo wa atomi. Kila moja huhifadhi ile sehemu ya programu mama inayokula muda mwingi, na kuacha mengine. Hapana budi ilinganishwe na programu mama. Isipofanana nayo katika matumizi ya mashine, haina thamani, hata ikiwa fupi namna gani.

Sasa tupime maneno. "Programu ndogo" hutaja ukubwa, wala haitaji kazi. "Kiprogramu" huleta harufu ya dharau. "Programu ya mfano" huweza kudhaniwa kuwa ni ya kufundishia. Tunapendekeza "programu wakilishi". Walimu wa takwimu wamekwisha kuzoea "sampuli wakilishi", na maana ni ileile: sehemu inayosimama badala ya jumla, na inayoweza kuulizwa kama kweli inaiwakilisha.

Swali hilo ndilo faida kubwa ya istilahi hii. Ofisa anayeshauri ununuzi wa mashine ya kutabiri hali ya hewa, akisoma kuwa mashine imefaulu katika "programu ndogo", hana la kuuliza. Akisoma "programu wakilishi", neno lenyewe litamfanya aulize: inawakilisha nini? Wasomaji wenye pendekezo bora zaidi wanakaribishwa kulitoa, pamoja na sababu zake.