Masi ya Moli ya Magadi

Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ndugu wa yale yanayolainisha maharage na makande jikoni, kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo trona. Fomula ya trona ni Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Kwa anayejifunza kukokotoa masi ya moli, mfano huu unafaa kuliko chumvi ya mezani, maana umebeba mitego yote: mabano, nukta, na namba iliyotangulia maji.

Masi ya moli ni masi ya moli moja ya kampaundi, kwa gramu. Moli moja ina chembe 6.02214076 × 10²³, idadi iliyoanza kutumika rasmi mwaka 2019. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Chembe zenyewe hazihesabiwi na mtu. Jedwali la elementi linatosha: hidrojeni 1, kaboni 12, oksijeni 16, sodiamu 23, zikikadiriwa kuwa namba nzima.

Kazi iliyobaki ni kuhesabu atomi, na hapo ndipo wengi huteleza. Sodiamu ni 3, na hidrojeni iliyo kando yake ni 1. Namba 2 iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani, hivyo kaboni ni 2 na oksijeni 6. Nukta si alama ya kuzidisha. Huonyesha kwamba fuwele imefunga maji ndani yake. Ile 2 ya mbele ya maji huhusu molekuli nzima, yaani hidrojeni 4 na oksijeni 2. Anayeyasahau maji hayo amepoteza gramu 36.

Sodiamu: 3 × 23 = 69
Hidrojeni: 5 × 1 = 5
Kaboni: 2 × 12 = 24
Oksijeni: 8 × 16 = 128

Jumla ni gramu 226 kwa moli. Kutumia masi za atomi zenye desimali hakubadilishi jibu hata kwa sehemu ya kumi ya gramu.

Kiwandani, trona huchomwa ili kupata sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, malighafi ya kioo, yenye masi ya moli ya gramu 106. Moli 2 za trona, gramu 452, hutoa moli 3 za sodiamu kaboneti (gramu 318), moli 1 ya kaboni dioksidi (44) na moli 5 za maji (90). Ukijumlisha, 452 inarudi kamili.

Kwa hiyo tani moja ya trona safi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 704 hivi za sodiamu kaboneti, tanuri liwe bora kiasi gani. Hesabu hiyo hiyo hupima usafi: gramu 100 za trona safi na kavu zikichomwa sawasawa hubaki gramu 70.4. Sampuli kavu ikibaki na gramu 80, ndani yake mna kitu ambacho moto haukipunguzi, kama vile chumvi au mchanga.