Mashavu Yakiingia Ndani

Mtu akionekana sokoni Nduguti shati linampwaya na mashavu yameingia, minong'ono huanza kabla hajamaliza kununua vitunguu. Kumbe huenda daktari alimshauri apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu, naye ametii.

Minong'ono hiyo ina chanzo chake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo kila aliyekonda akashukiwa.

Mafuta ya mwili hukaa chini ya ngozi, na mengine ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo. Akina mama wengi huyaweka zaidi kwenye mapaja, makalio na matiti. Akina baba tumboni. Chakula kikiwa kidogo kuliko nguvu inayotumika, kama wakati wa kulima, mwili huchota akiba hiyo sehemu zote, lakini si kwa kiasi kimoja. Usoni akiba ni ndogo, hivyo ikipungua kidogo tu macho huonekana yamezama. Tumbo laweza kupungua na asijue mtu ila mwenye mkanda. Mapaja ya akina mama mara nyingi huchelewa. Wala hakuna zoezi la kuondoa mafuta ya tumbo peke yake. Zoezi la tumbo hukaza misuli tu. Kwa mtu mzima aliyepungua sana, ngozi hubaki ikining'inia mikononi na tumboni. Huo si ugonjwa.

Dawa nazo zaweza kubadili umbo. Miaka ya 2000 wengi waliotumia dawa za UKIMWI walipewa stavudini. Iliokoa maisha, lakini baadhi yao ilimaliza mafuta ya mashavu, mikono, miguu na makalio, huku tumbo likibaki au hata kukua. Walikuwa wanapona, na nyuso zao zikawatangaza! Wengine waliacha dawa kwa aibu. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache stavudini. Wanaotumia dawa za siku hizi huweza kunenepa kama mtu yeyote, kwa hiyo anayesoma ugonjwa usoni mwa jirani anakisia tu.

Lakini ukikonda bila kukusudia, usingoje. Kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara, ni sababu ya kwenda kupimwa kifua kikuu na kisukari.

Na mtoto je? Mtazame makalio. Ngozi ikilegea pale kama kaptula kubwa, au miguu yote miwili ikivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu atampima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, nao hutibika.