Vitufe vya Simu ya Ofisini na Majina ya Kazi Zake

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambamo lina maana ya waya. Simu ya mkononi imekwisha kuachana na asili hiyo, lakini aghalabu ile iliyo mezani pa karani ingali imefungwa kwa waya wake. Kuitumia si vigumu. Lililo gumu ni kutenganisha kazi tatu ambazo makarani wengi huzieleza kwa neno moja tu, "ngoja".

Vitufe vya nambari havina utata. Vilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, huko Pennsylvania, Marekani, mnamo Novemba 1963, vilikuwa kumi. Nyota na reli ziliongezwa mwaka 1968. Katika mfumo huo kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa safu yake ya kulala na mwingine wa safu yake ya kusimama. Kitufe cha 5, kwa mfano, hutoa mitetemo 770 na 1336 kwa sekunde.

Utata huanzia kwenye vitufe vya kando. Kusubirisha ni kukata usikizano wa pande zote mbili bila ya kukata simu yenyewe. Kunyamazisha ni kuzuia sauti ya karani peke yake. Maneno ya mpigaji huendelea kumfikia. Kuhamisha ni kumkabidhi mpigaji kwa meza nyingine. Karani abonyeza kitufe cha kuhamisha, apiga nambari ya ndani ya mwenzake, amwarifu ni nani anayemtaka na kwa haja gani, kisha abonyeza tena. Wako wanaohamisha bila ya kuarifu, na mpigaji hulazimika kuisimulia shida yake upya kila mezani afikapo.

Anayeambiwa "ngoja" kisha akapokewa na kimya hawezi kujua kama amesubirishwa au karani amejinyamazisha. Akidhani hasikiki, huenda akamgeukia aliye karibu naye na kutaja bei ya mwisho aliyo tayari kulipa, na karani akaisikia. Karani naye, badala ya kubonyeza chochote, aweza kuuziba mkonga kwa kiganja na kumwuliza mkubwa wake, "Yule mdai amepiga tena, nimwambie haupo?" Kiganja hakizuii sauti.

Kwa hiyo hapana budi kioo kitazamwe kabla ya kusema lolote la siri. Alama hutofautiana kwa aina za simu, lakini maikrofoni iliyopigwa mstari huonyesha kwamba karani amenyamazishwa, na mistari miwili iliyosimama sambamba huonyesha kwamba mpigaji amesubirishwa. Nambari inayoonekana hapo haistahili imani kama hiyo: simu itokayo katika ofisi kubwa mara nyingi huonyesha nambari kuu ya ofisi, wala haimtaji aliyepiga.